Mazoezi ya kuimarisha kiuno kwa vyuma: namna ya kuyalinganisha na kuchagua linalokufaa

Muulize mtu yeyote pale jimu zoezi la kiuno ni lipi, atakujibu dedilifti, yaani kuinua nondo (fimbo ya chuma yenye sahani za uzito) kutoka sakafuni hadi usimame, kabla hujamaliza swali. Hajakosea, ila jibu lake ni nusu. Wapo wanaonyanyua dedilifti miaka nenda miaka rudi, kilo zinapanda, na bado kiuno ndicho kinachowasaliti wakiwa chini kwenye skwati nzito (kuchuchumaa na kuinuka na nondo mabegani) au wakiinama kusukuma kabati. Kilo zilizopangwa kwenye nondo zinaonyesha mwili mzima umeinua nini. Hazionyeshi kiuno kimepata mgawo gani.

Mgawo huo hutokana na vitu viwili: uzito wenyewe, na umbali wa uzito huo kutoka kwenye nyonga ukipima kwa ulalo. Ndoo ya maji uliyoikumbatia kifuani haikuchoshi kama ndoo hiyohiyo ukiishika kwa mikono iliyonyooka mbele. Piga hesabu. Kilo 60 zikiwa sentimita 30 mbele ya nyonga, zidisha: 1,800. Kilo 40 zikiwa sentimita 45: 1,800 vilevile. Tukiacha uzito wa kiwiliwili chenyewe, aliyebeba kilo 40 anakifanyisha kiuno kazi sawa na mwenzake wa kilo 60, ingawa kwa macho anaonekana mnyonge.

Kwa hiyo kila zoezi hapa chini nitaliuliza maswali matatu. Uzito uko mbali kiasi gani na nyonga? Kiuno kinashikilia tu, au chenyewe kinajikunja na kujikunjua? Na ni kiungo gani kinachochoka kwanza? Hilo la tatu nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu zoezi likikatishwa na vidole vilivyoachia nondo, kiuno kimeondoka hakijashiba.

Hatua ya 1: Jua unachokijenga

Kiuno kina pingili 5 za uti wa mgongo. Kandokando yake hupanda misuli miwili minene, ile unayoiona imetuna kama kamba kwa mnyanyuaji aliyekomaa. Chini yake ipo mingine midogo inayoshika pingili moja na nyingine, na pembeni upo msuli unaotoka juu ya mfupa wa nyonga hadi kwenye ubavu wa mwisho. Huu wa pembeni ndio unaokuzuia usiinamie upande mmoja ukibeba mzigo mkononi, na watu wengi hawaufanyishi zoezi lolote.

Misuli ya kiuno imeumbwa zaidi kwa kuvumilia kuliko kwa kulipuka. Kazi yake kubwa ya siku nzima ni kushikilia: umekaa, umesimama, umeinama kidogo, yenyewe iko kazini. Ndiyo maana inaitikia vizuri marudio ya 8 hadi 15 na kushikilia kwa sekunde, na ndiyo maana mtu anayeifanyisha kwa marudio 1 au 2 mazito peke yake huacha nafasi kubwa bila kuijaza.

Kuinama kunakouweka uzito mbele kunagawanyika kati ya nyonga na kiuno. Nyonga zina misuli mikubwa ya makalio na ya nyuma ya mapaja. Nyonga zikigoma kukunjika, kiuno hukunjika badala yake, tena kikiwa na mzigo. Kabla hujalinganisha chochote, hakikisha nyonga zako zinajua kazi yake.

Hatua ya 2: Jifunze kuinama kwa nyonga

Chukua mpini wa fagio, uweke mgongoni wima. Mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu kidogo ya mpasuo wa makalio. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwayo, huku kifua kikishuka. Simama pale mpini unapotaka kuachana na sehemu mojawapo. Hapo ndipo mwisho wako wa leo, hata kama jirani anashuka hadi kiwiliwili kinalala sambamba na sakafu.

Utakavyojua umepatia: nyuma ya mapaja panavuta, kiuno hakihisi kitu. Ukihisi mvuto kiunoni na mapaja yametulia, umekunja uti wa mgongo. Ukihisi magoti yanakimbilia mbele, hiyo ni skwati.

Pamoja na hilo jifunze kukaza tumbo. Vuta pumzi ishuke tumboni, mbavuni na hata nyuma kiunoni, halafu kaza pande zote kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi. Tumbo lililokazwa hutengeneza shinikizo ndani linaloushikilia uti wa mgongo kwa mbele, wakati misuli ya nyuma inaushikilia kwa nyuma. Toa pumzi ukishapita sehemu ngumu. Mwenye shinikizo la juu la damu asibane pumzi kwa muda mrefu, maana kubana kunalipandisha zaidi. Apunguze uzito na atoe pumzi taratibu wakati anainua.

Mkanda wa kunyanyulia, kwa wanaouliza, hufanya kazi moja: hulipa tumbo kitu cha kusukumia. Asiyejua kukaza tumbo hapati mengi kwake.

Hatua ya 3: Pima ulipo

Kipimo kinachojulikana zaidi kwa kiuno kinaitwa kipimo cha Sørensen, kutokana na kazi ya daktari wa Denmark, Fin Biering-Sørensen, iliyochapishwa mwaka 1984. Unalala kifudifudi juu ya meza au benchi imara, mfupa wa nyonga ukiwa ukingoni na kiwiliwili chote kikining'inia nje. Mtu anakushikilia miguu, au unaifunga kwa mikanda. Unakunja mikono kifuani na kukinyoosha kiwiliwili sambamba na sakafu. Saa inaanza. Inasimama ukishuka, na ukifika sekunde 240 unaachishwa.

Mimi hukitumia hivi, na hii ni kanuni yangu ya kazi tu. Usipofika dakika 1, acha gudi moningi (kuinama na nondo mabegani) kwanza, jenga uvumilivu kwenye benchi la kiuno (kifaa kinachokushika miguu na mapaja huku kiwiliwili kikiinama na kuinuka). Kati ya dakika 1 na 2, unaweza kuanza mazoezi yote kwa uzito mwepesi. Zaidi ya dakika 2, tatizo lako si uvumilivu, ongeza vyuma. Mwenye makalio yaliyolegea atashindwa mapema hata kama kiuno ni kizima, kwa hiyo kaza makalio tangu mwanzo.

Pima pia pande. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na kingo za nyayo, mwili unyooke, kisha linganisha sekunde za kulia na za kushoto. Upande mmoja ukizidiwa sana na mwingine, kumbuka jambo hilo tukifika kwenye kubeba mzigo.

Hatua ya 4: Linganisha mazoezi yenyewe

*Dedilifti ya kawaida.* Hapa ndipo utakapobeba kilo nyingi kuliko zoezi lolote jingine kwenye orodha hii. Mwaka 2016 Muingereza Eddie Hall aliinua kilo 500, na hakuna zoezi la benchi la kiuno litakalokaribia hapo. Kiuno kinashikilia bila kujikunja, na mzigo wake mkubwa uko pale nondo inapoachana na sakafu. Ukishapita magoti, umbali umeshapungua na kiuno kinapumzika.

Udhaifu wake, ukiwa unatafuta kiuno, ni kwamba vinavyoshindwa kwanza mara nyingi ni vidole au miguu. Tena ukiwa umeweka nondo chini kila marudio, muda ambao kiuno kimebeba mzigo kwa kweli ni sekunde chache. Ni zoezi zuri la nguvu ya mwili mzima, na kiuno hupata sehemu yake. Ukitaka likiguse kiuno zaidi, usiidondoshe nondo. Ishushe kwa sekunde 2 au 3.

Angalia urefu wa kuanzia. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo nondo hukaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Anayeanza na sahani ndogo za kilo 5 anaivuta kutoka chini zaidi ya bingwa, na kiuno kinalazimika kupinda kuifuata. Weka mbao au sahani nyingine chini yake hadi ifike katikati ya muundi. Hili jambo dogo limeharibu mwanzo wa watu wengi bila wao kujua.

Kuna aina mbili za dedilifti zinazopunguza kazi ya kiuno. Ile ya kutanua miguu sana huuweka mgongo wima zaidi, na ile ya nondo ya pembe sita, unayoingia katikati yake, huileta mishikio pembeni mwa mwili badala ya mbele. Mwenye kiuno kilichochoka afurahie hizo. Anayetaka kukijenga aelewe kuwa amekipa likizo.

*Dedilifti ya Kiromania.* Jina lilitokana na Nicu Vlad, mnyanyuaji wa Romania aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, ambaye Wamarekani walimwona akilifanya. Unaanza umesimama na nondo mkononi, magoti yamelegea kidogo na hayaongezi kukunjika, makalio yanarudi nyuma, nondo inateleza juu ya mapaja hadi chini kidogo ya magoti, kisha unarudi. Haigusi sakafu, kwa hiyo kiuno hakipumziki hata sekunde moja kwenye seti nzima (marudio yote kabla ya kupumzika).

Hilo ndilo linaloifanya izidi dedilifti ya kawaida kwa kazi hii, japo utatumia kilo pungufu. Misuli ya mabawa (ile mipana ya mgongoni, chini ya makwapa) nayo inafanya kazi: inaivuta nondo irudi miguuni. Mabawa yakilegea, nondo inaelea mbele sentimita 5 au 10, na kwa hesabu ya mwanzo unajua nani analipa. Jaribu hivi ukiwa na nondo tupu ya kilo 20: shuka hadi magotini, kisha kwa makusudi iache iende mbele kidogo ya magoti. Utahisi kiuno kikiamka papo hapo, na ni kilo 20 tu.

Kinachochoka kwanza kwa wengi ni nyuma ya mapaja, na kisha vidole. Ikiwa vidole vinakatisha seti zako, tumia mikanda ya kufunga viganja kwenye nondo katika seti za mwisho. Wapo wanaoona ni udanganyifu. Vidole wavifanyishe zoezi lake siku nyingine.

*Gudi moningi.* Nondo iko mabegani kama kwenye skwati, unainama kwa nyonga hadi kiwiliwili kinakaribia kulala sambamba na sakafu, unarudi. Hapa vidole havina kazi, mabawa hayawezi kuirudisha nondo karibu, na uzito umekaa mwisho kabisa wa kiwiliwili. Umbali hauna pa kupunguzwa. Ndiyo maana kiuno hapa huchoka kwa kilo zinazoonekana za kitoto, na ndiyo maana zoezi hili lina sifa mbaya kuliko linavyostahili.

Hatari yake ni moja: uzito ukikushinda huwezi kuuachia chini kama dedilifti. Lifanyie ndani ya kizimba cha skwati, vyuma vya usalama vikiwa vimepangwa sentimita chache chini ya pale unapoishia. Anza na nondo tupu, au hata mpini wa fagio, marudio 10. Kwa wengi, seti ya marudio 8 hadi 12 kwa uzito wa robo hadi theluthi ya skwati yao inatosha sana. Mtu anayetafuta rekodi ya gudi moningi sijui anatafuta nini.

Ukishusha nondo kutoka juu ya mabega hadi nyuma ya mabega, umbali unapungua kidogo na zoezi linakuwa jepesi. Wenye viwiliwili virefu waanzie hapo.

*Benchi la kiuno.* Hili ndilo ninalolipenda zaidi kwa anayeanza, na pia kwa aliyekomaa, ila watu wanalifanya ovyo kuliko yote. Utamwona mtu ameegemea mto ukiwa tumboni, anajirusha juu hadi anatazama dari, shingo imevunjikia nyuma, makalio yamelegea, halafu anashuka kama gunia. Marudio 30. Kesho kiuno kinamuuma na anasema benchi ni baya.

Mahali pa mto ndipo panapoamua ni zoezi gani unalifanya. Ukiwa chini, ukingo wake kwenye mkunjo wa paja, nyonga ziko huru, unajikunja kwa nyonga, na makalio na nyuma ya mapaja hubeba sehemu kubwa huku kiuno kikishikilia. Ukiupandisha hadi juu ya mfupa wa nyonga, nyonga zimefungwa, na kinachobaki kujikunja na kujikunjua ni kiuno chenyewe, pingili kwa pingili. Mazoezi mawili tofauti kwenye kifaa kimoja. Anza na la kwanza. La pili lifanye polepole, bila uzito, ukilipa majuma kadhaa kabla ya kushika sahani ya kilo 5 kifuani.

Aina ya benchi nayo ina maana. Kwenye benchi la kulala sambamba, ugumu mkubwa uko juu, mwili ukiwa umenyooka, kwa kuwa hapo ndipo kiwiliwili kiko mbali zaidi na nyonga. Kwenye benchi la nyuzi 45, kiwiliwili hulala sambamba na sakafu katikati ya safari, na ukifika juu mzigo umeshapungua hadi karibu asilimia 70 ya ule wa katikati. Kwa hiyo la nyuzi 45 hukupa nguvu ya katikati, na la kulala hukupa nguvu ya kumalizia na kushikilia. Kama jimu yako ina moja tu, tumia hilohilo: kwenye la 45 shikilia sekunde 3 pale katikati, kwenye la kulala shikilia sekunde 3 juu.

Unapofika juu, simama mwili ukiwa mstari mmoja kutoka kisigino hadi kisogo. Kupita hapo hakuongezi nguvu, kunabana tu viungo vya nyuma vya pingili.

Uzito ushike kifuani. Ukiupeleka nyuma ya kichwa, kilo 5 zinakuwa nzito kama kilo nyingi zaidi, hesabu ileile, lakini shingo nayo inaingizwa kwenye deni lisilo lake.

*Kuinua miguu kwa nyuma.* Kiwiliwili kimelala juu ya meza, miguu inaning'inia, unaiinua hadi inyooke. Louie Simmons, kocha wa wanyanyuaji wa Marekani, ndiye aliyekieneza kifaa chake maalumu baada ya yeye mwenyewe kuumia mgongo. Sifa yake kubwa ni kwamba hakuna mzigo unaokandamiza mgongo kutoka juu, kwa hiyo ni chaguo la siku ambayo kiuno kimechoka na skwati lakini bado unataka damu ipite. Bila kifaa, lala juu ya benchi ndefu na uishike kwa mikono. Miguu isirushwe. Wengi wanaibembeza kwa kasi na kiuno kinapinda kila ikishuka.

*Kubembeza ketobeli.* Lile dude la chuma lenye mpini. Hapa kiuno kinajifunza kukaza haraka na kulegea haraka, jambo ambalo mazoezi mengine hayafundishi. Nguvu itoke nyongani. Mikono ni kamba tu. Kwa kujenga unene wa misuli ya kiuno halishindani na benchi, kwa pumzi na uvumilivu linalishinda mbali.

*Kubeba mzigo upande mmoja.* Shika dambeli nzito mkono mmoja, tembea mita 20 hadi 40 bila kuinama upande wowote, badilisha mkono. Mzigo ukiwa kulia, msuli wa pembeni wa kushoto ndio unaokuzuia usianguke. Hakuna dedilifti inayoufikia msuli huo namna hii. Kama kipimo cha ubavu kilionyesha upande mmoja dhaifu, anza na huo na uupe seti moja ya ziada. Tazama kwenye kioo: bega la upande wenye mzigo lisishuke, na lile jingine lisipande kujifidia.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka. Kulala kifudifudi na kuinua mikono na miguu kwa pamoja ni jambo linalofundishwa kila mahali, lakini linaubana sana uti wa mgongo ukiwa umepinda kwa nyuma, na faida yake ni ndogo. Afadhali upige magoti na mikono sakafuni, unyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, ushikilie sekunde 10, ubadilishe. Hilo ni moja ya mazoezi matatu ambayo Stuart McGill, mtaalamu wa mgongo wa Kanada, amekuwa akiyapendekeza miaka mingi. Mashine za kukaa na kusukuma kwa mgongo zinafaa ikiwa zinafunga nyonga kisawasawa. Arthur Jones, mwanzilishi wa kampuni ya Nautilus, alitengeneza baadaye mashine za MedX kwa ajili ya hilo hasa, kwa kuwa nyonga zikiwa huru makalio yanaiba kazi. Mashine nyingi za kawaida hazifungi chochote. Na kuna lile zoezi la kusimama juu ya boksi na kujikunja taratibu pingili moja moja huku umeshika uzito: lina nafasi yake kwa mtu aliyekwisha kujengeka, kwa kilo 2 hadi 5 mwanzoni. Mwenye historia ya kuumia diski (mito laini iliyo kati ya pingili) aliache.

Hatua ya 5: Chagua mawili au matatu

Usifanye yote. Kiuno hupona polepole, na skwati na kuvuta ukiwa umeinama vinakigusa pia hata kama hukuvihesabu. Siku mbili kwa juma zinatosha wengi, zikipishana angalau saa 48.

Kama ndiyo unaanza, chukua benchi la kiuno mto ukiwa chini, seti 3 za marudio 10 hadi 12, pamoja na kubeba mzigo upande mmoja, seti 3. Fanya hivyo majuma 4 hadi 6 na siku hizo hizo jifunze dedilifti ya Kiromania kwa nondo tupu mwanzoni, kabla hujachoka.

Kama tayari unapiga dedilifti na unaona kiuno kinapinda nondo ikitoka sakafuni, usiongeze dedilifti nyingine. Iache siku moja kwa juma, na siku ya pili weka gudi moningi nyepesi, seti 3 za 8, halafu benchi la kiuno ukishikilia. Mpangilio huu ndio niliouona ukifanya kazi mara nyingi kwa watu wa aina hiyo, kwa sababu unashughulikia kiuno mahali ambapo vidole na miguu haviwezi kukificha.

Kama unakaa kitini siku nzima na shida yako ni uchovu wa jioni kuliko nguvu, acha kilo nyingi. Kushikilia kwenye benchi sekunde 20 hadi 40, mara 4, na kubembeza ketobeli marudio 15, mara 4.

Asiye na jimu atumie begi la mgongoni lililojaa vitabu. Ukilivaa kwa mbele na kuinama kwa nyonga, una gudi moningi inayoweza kuachiwa bila hatari. Ukilishika mkononi na kutembea, una zoezi la pembeni.

Mpangilio wa siku nao usiusahau: mazoezi mazito yenye ufundi, dedilifti na gudi moningi, yatangulie, benchi na kubeba vifuate. Ukikichosha kiuno kwenye benchi kwanza halafu ukaenda kwenye nondo nzito, umeondoa walinzi kabla ya wizi. Na usipige nondo nzito dakika chache baada ya kuamka. Usiku diski za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni. Katika hali hiyo kuinama kunazibana zaidi. Subiri saa moja, tembeatembea kwanza.

Hatua ya 6: Ongeza bila pupa

Kwenye dedilifti na ya Kiromania, ongeza kilo 2.5 hadi 5 ukishamaliza marudio yote kwa mgongo ulionyooka mara mbili mfululizo. Kwenye gudi moningi, kilo 2.5 na si zaidi. Kwenye benchi, ongeza kwanza sekunde za kushikilia, kisha marudio hadi 15, kisha kilo.

Jirekodi kwa simu ukiwa umeiweka ubavuni, usawa wa nyonga. Usiangalie uso wako wala uzito; angalia mstari wa kiuno kati ya mkanda wa suruali na mbavu za mwisho. Mstari huo ukibadilika umbo kuanzia rudio la sita, seti yako ilikuwa ya marudio matano. Hicho ndicho kiwango chako, hata kama mikono na miguu ingeweza kuendelea hadi kumi.

Kila baada ya majuma 8 rudia kipimo cha hatua ya 3. Sekunde zisipoongezeka ilhali kilo zimepanda, kuna kiungo kingine kinachobeba. Hapo ndipo pa kubadilisha zoezi: mwenye dedilifti aende benchi, mwenye benchi la nyuzi 45 ajaribu la kulala.

Hatua ya 7: Tofautisha uchovu na maumivu

Uchovu wa kawaida uko kwenye nyama, pande zote mbili, umeenea, unafika kilele siku ya pili na kuisha ndani ya siku 3 au 4. Ukitembea unapungua. Huo haukuzuii kufanya mazoezi mepesi.

Maumivu yenye ncha, ya upande mmoja, yaliyoanza ghafla katikati ya rudio, ni jambo jingine. Weka nondo chini, seti imekwisha. Usijinyooshe kwa nguvu, usilale siku nzima pia; tembea kidogo kidogo, na urudi kwenye zoezi la mpini wa fagio siku zinazofuata. Ukiweza kuinama kwa nyonga bila maumivu, anza na benchi bila uzito au kuinua miguu kwa nyuma, nusu ya seti zako za zamani. Gudi moningi iwe ya mwisho kurudi.

Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, mguu ukifa ganzi au unyayo ukiburuzika, muone daktari kabla ya kushika chuma chochote. Na ganzi ikiwa maeneo ya siri na mapajani kwa ndani, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.